Antena Zichorwe Kabla Zege Halijamwagwa

Hotuba kwa wasanifu majengo, wakadiriaji majenzi, wahandisi na wamiliki wa majengo, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wasanifu majengo, wakadiriaji majenzi, wahandisi wenzangu, wamiliki na mameneja wa majengo mliofika asubuhi hii, asanteni kwa kunikaribisha.

Kazi yangu ni mawimbi ya redio. Napima mtandao wa simu ndani ya majengo na kusanifu mifumo ya antena za ndani. Karibu kila ninapoitwa, jengo limeshakamilika, wapangaji wameshahamia, jipsamu imeshafungwa, na malalamiko yameshamfikia mwenye jengo: simu hazishiki. Nimekuja kuwaomba jambo moja. Mtandao wa simu ndani ya jengo uingie kwenye michoro pamoja na umeme, maji safi, maji taka na mfumo wa kuzima moto, kabla zege halijamwagwa. Yote nitakayosema yanaelekea huko.

Nianze na Kariakoo, maana ndiko tatizo hili linakoonekana kwa macho. Shuka kwenye besimenti ya jengo lolote kubwa la maduka kule, zile zilizojaa vitenge, mabegi na vyombo. Mteja ameshachagua mzigo wake, anataka kulipa kwa simu. Anabonyeza, menyu inasuasua, inakata. Anajaribu tena, inakata tena. Hapo ndipo utaona utaratibu ambao wafanyabiashara wameshauzoea: mteja anapanda ngazi mpaka mlangoni, analipia kule juu, na kijana wa dukani anasimama kando yake na simu ya duka mkononi, akisubiri ujumbe wa kuthibitisha malipo. Ujumbe ukiingia tu anamtupia bosi wake sauti huko chini, "Imeingia!", ndipo mzigo unafungwa. Duka likiwa na wateja sita kwa wakati mmoja, kijana hana pumzi. Wapo walioamua kuiacha simu ya malipo kwa jirani mwenye duka la juu, maana yake fedha zao zinapita kwanza machoni pa mtu mwingine. Na wapo wanaochoka, wanaukubali ujumbe anaouonyesha mteja kwenye kioo cha simu yake, na hapo wenye ujumbe wa kughushi wanaondoka na mzigo wa bure.

Mtu atasema, si waweke Wi-Fi? Wi-Fi inasaidia, na mimi mwenyewe huwa naishauri kwa ofisi ndogo, maana zipo simu na mitandao inayoweza kupitisha hata maongezi ya kawaida humo. Lakini menyu ya malipo ya *150*00# na za mitandao mingine hupitia mtandao wa simu wenyewe, hazipitii intaneti. Mama aliyetoka Mbagala na kiswaswadu chake, mwenye pesa yake yote kwenye laini, hafaidiki chochote na Wi-Fi ya jengo. Jengo linaloingiwa na kila mtu lazima limhudumie na huyo.

Sasa, kwa nini mtandao unafia mlangoni? Mitandao yetu inatumia masafa mengi, kuanzia megahezi 700 na 900, kupanda 1800 na 2100, mpaka 2600 na 3500. Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilinadi masafa ya 700, 2300, 2600 na 3500 kwa ajili ya intaneti ya kasi. Wimbi la megahezi 700 lina urefu wa sentimita 43 hivi; la 3500 halifiki hata sentimita 9. Wimbi refu hupenya ukuta na kuzunguka kona kwa urahisi zaidi. Wimbi fupi kwa kawaida ndilo lenye nafasi kubwa ya kubeba data, lakini huishiwa nguvu upesi likikutana na zege. Kwa hiyo wanaoniambia wanasubiri 5G ije iwaokoe, nawajibu kwamba 5G ya megahezi 3500 inayotoka mnara wa barabarani itaingia kwenye jengo lao kwa shida kuliko hata 4G.

Sisi hupima hasara kwa desibeli. Hesabu yake si ngumu: ukipoteza desibeli 3 umebaki na nusu ya nguvu, ukipoteza 10 umebaki na sehemu moja ya kumi, ukipoteza 20 umebaki na moja ya mia. Dirisha la kioo cha kawaida linakula desibeli 2 mpaka 4, hasara ndogo ukilinganisha na zinazofuata. Ukuta wa zege lenye nondo unakula 10, 15, 20, kutegemea unene na masafa. Na sasa naomba wasanifu wanisikilize kwa makini, maana hapa ndipo majengo ya miaka hii yanapotofautiana na yale ya zamani. Vioo vya kuzuia joto mnavyovipenda, na mna haki ya kuvipenda katika joto hili la Dar, vina utando wa metali, mara nyingi fedha, mwembamba kiasi kwamba jicho halioni. Utando ule unaorudisha joto la jua nje ndio huohuo unaorudisha mawimbi ya simu nje. Kioo cha namna hiyo kinaweza kula desibeli 25, hata 30 na zaidi. Ndiyo maana Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, katika mwongozo wake wa kukadiria hasara ya mawimbi yanapoingia ndani, limeyagawa majengo katika makundi mawili tu: ya kawaida, na yale yaliyojengwa kuhifadhi nishati. Tofauti kati yao ni kubwa mno kuchanganywa katika hesabu moja.

Chukueni ofisi moja pale Posta. Simu huonyesha nguvu ya mtandao kwa namba hasi, na kadiri inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo mtandao unavyozidi kuwa dhaifu. Barabarani simu inasoma hasi 75, mtandao safi kabisa. Kioo chenye utando kinakula 25, umefika hasi 100. Vuka ukuta wa ofisi, kisha ukuta wa zege unaozunguka ngazi na lifti, toa 15 hata ukikadiria kwa huruma: hasi 115. Hapo 4G inaning'inia, inateremka kwenye 3G au 2G kama nazo zinafika, kisha inakatika. Mnara uko ng'ambo ya barabara, mpangaji anauona kwa macho dirishani, na simu yake inasema hakuna huduma. Analaumu kampuni ya simu. Kampuni inatuma fundi, fundi anapima barabarani, anakuta kila kitu kiko sawa, anaondoka.

Mnaweza kuzisoma namba hizi wenyewe leo hii. Kwenye simu nyingi za Android ingieni Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya SIM, mtaona nguvu ya mtandao kwa namba. Kuanzia hasi 80 mpaka 95 ni nzuri. Ikipita hasi 110 tegemeeni matatizo. Msiviamini sana vile vistari vya juu ya kioo. Kila mtengenezaji huamua mwenyewe kistari kimoja kina maana gani, na Julai 2010 kampuni ya Apple ilikiri hadharani kwamba hesabu yake ya vistari ilikuwa na kasoro kubwa, ikionyesha vingi kuliko ilivyostahili.

Lipo na jambo la simu yenyewe kurudisha sauti mnarani. Mnara unatuma kwa makumi ya wati. Simu yako ya 4G, ikijitahidi mpaka mwisho, inatuma kwa wati 0.2. Ndiyo sababu ya yale maongezi ya "mimi nakusikia, wewe hunisikii?" kwenye korido za ndani. Na simu inapotafuta mtandao bila kuupata, inatumia chaji nyingi. Mlinzi wa maegesho ya chini anaingia zamu ya jioni na chaji imejaa, saa sita usiku simu imezima wala hajaitumia. Huyu ndiye mtu mnayemtegemea apige simu kukiwa na tatizo.

Lifti sitaieleza sana. Ni sanduku la chuma ndani ya shimo la zege, na tangu mwanasayansi Michael Faraday alipofanya jaribio lake mwaka 1836 tunajua sanduku la chuma huzuia umeme wa nje usiingie ndani; mawimbi ya simu nayo huzuiwa vivyo hivyo. Hata majengo ya kale hayakosi lake: kuta nene za mawe ya matumbawe kule Mji Mkongwe, Zanzibar, zinawatesa wenye hoteli kwa namna yake, na pale huwezi kutoboa ukuta ovyo.

Kinachowashangaza wengi ni ghorofa za juu. Mtu analipa kodi kubwa kwa ghorofa ya 20 akidhani huko juu mtandao utakuwa mtamu, kumbe simu zinakatika kuliko ghorofa ya tatu. Antena za minara huinamishwa chini kidogo ziwahudumie watu wa barabarani. Ukiwa juu yake unapata makombo ya mnara wa jirani, na wakati huohuo unapata mawimbi ya mbali, kutoka Upanga, kutoka Kigamboni yakikatiza juu ya maji bila kizuizi, yote yakiwa na nguvu zinazokaribiana. Simu haijui ishike upi. Inahama huku na huku, vistari vimejaa, na maongezi yanakatika. Dawa yake ni kuwa na antena ndani ya ghorofa ileile, yenye nguvu ya kutosha kuyashinda hayo mengine, na hapo kioo cha kuzuia joto kinakuwa rafiki, maana kinazuia fujo ya nje.

Tena kuna tofauti kati ya mtandao kufika na mtandao kutosha. Nendeni Kwa Mkapa siku ya dabi ya Simba na Yanga. Uwanja unachukua watu 60,000. Simu zinasoma mtandao vizuri kabisa, lakini picha haiendi, video haiendi, hata ujumbe unasuasua, kwa sababu maelfu wanagombania uwezo wa antena chache. Uwanja, ukumbi wa mikutano, kituo cha treni, hospitali ya rufaa, vyote vinahitaji kugawanywa vipande vipande, kila kipande na antena zake na uwezo wake. Afcon ya 2027 wamepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Viwanja vinajengwa, Arusha kwetu na Talanta kule Nairobi. Kila mwenye mkono katika viwanja vya namna hiyo, naomba aulize swali hili wakati njia za nyaya bado zinaweza kuhamishwa kwa penseli.

Niseme kuhusu usalama, na nitasema polepole kwa sababu jeraha bado bichi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Waokoaji walifanikiwa kuwasiliana na baadhi ya waliokwama chini, wakawapelekea maji na oksijeni. Wengi tulipoteza watu tunaowafahamu. Sidai kwamba antena za ndani zingebaki zinafanya kazi jengo likianguka, zingeanguka nalo. Lakini siku zile zilitukumbusha maana ya mtu aliye chini kuweza kuzungumza na aliye juu. Na hatari nyingi zinatokea jengo likiwa limesimama wima: moshi kwenye ngazi, lifti iliyogoma umeme ulipokatika, mtu aliyepandwa na shinikizo la damu akiwa peke yake kwenye maegesho ya ghorofa ya pili chini ya ardhi. Huyo anatakiwa apige 114 au 112 akiwa palepale alipo. Hana nguvu ya kupanda ngazi kutafuta mtandao.

Askari wa zimamoto nao wana redio zao, na redio hizo zinakutana na kuta hizihizi. New York, Septemba 11, 2001, walikufa askari wa zimamoto 343, na matatizo ya mawasiliano ya redio ndani ya yale majengo pacha yalichunguzwa kwa kina baadaye. Tangu toleo la 2009, kanuni za moto zinazofuatwa katika sehemu nyingi za Marekani zinataka mawimbi ya redio za waokoaji yafike kwenye asilimia 95 ya eneo la kila ghorofa. Wanapima, na jengo likishindwa, mwenye jengo anaweka mfumo. Sisi tunakagua mabomba ya maji ya zimamoto na ni vizuri. Askari anayeshika bomba ghorofa ya 14 anahitaji pia kusikia kamanda wake akimwambia atoke.

Sasa, watu wanafanya nini jengo likiwa bubu? Wananunua busta. Zinauzwa madukani na mitandaoni, fundi anafunga antena moja juu ya paa na nyingine ndani, na siku ya kwanza kila mtu anashangilia. Nawasihi mziogope. Busta inapokea sauti ya mnara, inaikuza, inaitoa ndani. Ikiwa antena mbili hazijatenganishwa vya kutosha, ile ya juu inasikia ya ndani, inakuza tena, ya ndani inatoa tena, na mashine inaanza kupiga yowe, sawasawa na kipaza sauti cha harusini kikisogezwa karibu na spika. Tofauti ni kwamba yowe hili halisikiki kwa masikio. Linaingia mnarani. Mnara unajaa kelele, unashindwa kuzisikia simu dhaifu, na mtaa mzima unaanza kulalamika: maongezi yanakatika, malipo hayapiti, na hakuna anayejua kwamba chanzo ni kidude kilichofungwa kwenye ofisi ya ghorofa ya nne. Nimetembea mitaa ya mjini na antena ya kutafutia mwelekeo mkononi nikisaka vifaa hivi. Aliyekifunga karibu kila mara ni mtu mwema aliyetaka tu wateja wake wapate mtandao.

Sheria yetu ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kurusha mawimbi kwenye masafa ya wengine bila kibali, na vifaa vyenyewe lazima viwe vimeidhinishwa. Si kwamba busta zote duniani ni mbaya. Marekani tangu 2014 na Uingereza tangu 2018 zimeruhusu aina maalumu zinazojipima na kujizima zenyewe zikianza kuleta madhara. Lakini kile cha kwenye boksi lisilo na jina, kinachokuza kila kitu bila kuchagua, kiwekeni mbali na majengo yenu.

Njia ya kudumu ni mfumo wa antena zilizotawanywa. Badala ya kungoja mawimbi yapenye kutoka nje, unaleta chanzo cha mtandao ndani ya jengo, kwa faiba, kisha unakigawa kwa nyaya mpaka kwenye antena ndogo darini, kila moja ikihudumia korido, ukumbi au nusu ya ghorofa kwa nguvu ndogo sana. Kwa jengo la ukubwa wa wastani, kebo nene za shaba na vigawanyio visivyotumia umeme vinatosha. Jengo likiwa kubwa, uwanja wa ndege, hospitali yenye majengo kadhaa, hapo faiba inabeba mawimbi mpaka kila ghorofa na kifaa kidogo pale kinayarudisha kuwa ya redio. Kwa ngazi ndefu na maegesho ya chini iko kebo iliyotobolewa ambayo yenyewe inavujisha mawimbi njia nzima. Za namna hiyo ndizo zinazotumika kwenye mahandaki ya treni za chini za London, ambako 4G ilianza kupatikana Machi 2020 kwenye sehemu ya njia ya Jubilee.

Jambo moja la kifundi sitaki liwapite wakadiriaji, maana linagusa fedha. Kebo ya nusu inchi inapoteza desibeli 7 hivi kwa kila mita 100 kwenye megahezi 900. Kwenye 3500 hasara ni karibu mara mbili ya hiyo. Na vigawanyio vingi vilivyofungwa nchini enzi za 3G vilitengenezwa kuishia megahezi 2700 au chini yake. Yaani jengo lenye mfumo mzuri wa zamani linaweza lisipitishe 5G hata kidogo, na kuubadilisha ni kufungua dari upya. Mkiandika orodha ya vifaa leo, andikeni vinavyofika 3800, na antena ziwekwe karibu karibu zaidi kuliko 4G inavyohitaji. Bei inapanda kidogo tu. Dari linafunguliwa mara moja tu.

Mfumo huo uwe mmoja kwa mitandao yote. Hapa naona uzembe unaowaumiza wapangaji. Kampuni moja inakuja, inafunga antena zake, inasaini na mwenye jengo mkataba unaowazuia wengine, na kuanzia hapo mwenye laini nyingine ni mgeni ndani ya ofisi yake. Au zinakuja tatu, kila moja na kebo zake na matundu yake ukutani, mpaka njia ya nyaya inajaa. Kwenye minara tulishatoka huko. Tangu miaka ya 2010 kampuni za simu ziliuza minara yao mingi kwa kampuni za minara, na leo mnara mmoja unabeba antena za washindani wawili, watatu, bila ugomvi. Utaratibu uleule unaweza kuingia ndani ya jengo: kampuni isiyo na upande inajenga mfumo mmoja, na mitandao yote inaunganisha vyanzo vyake pale. Mwenye jengo, usisaini kamwe mkataba wa kumfungia mlango mwingine. Hiyo kodi ndogo unayolipwa itakuondolea mpangaji mkubwa.

Na kuhusu kodi hiyo nitasema wazi ninavyoona. Wapo wamiliki wanaotoza kampuni za simu kodi ya kibiashara kwa chumba kidogo kinachowahudumia wapangaji wao wenyewe. Kampuni inapiga hesabu, inaona haimlipi, inaliacha jengo. Singapore waliliona hili mapema: kanuni yao inamtaka mjenzi wa jengo kutenga nafasi ya vifaa vya mitandao ya simu, na kuitoa bila kodi. India nao, kupitia mamlaka yao ya mawasiliano, TRAI, mwaka 2024 walitoa kanuni za kuyapa majengo alama kulingana na ubora wa mtandao ndani yake, ili anayenunua au kupanga ajue anachokilipia. Ningependa kuona TCRA, bodi zetu za usajili na halmashauri wakikaa meza moja kuandika kanuni yetu, na kibali cha ujenzi cha jengo kubwa kikaulizia suala hili. Lakini wasanifu hawahitaji kungoja kanuni ili kuchora.

Kuchora nini? Vitu vichache sana. Chumba kidogo chenye kufuli, kiyoyozi na umeme unaoshikwa na jenereta au betri, kiwe ghorofa ya chini isiyofurika maji. Njia ya wima kutoka chumba hicho mpaka juu, tofauti na ya nyaya za umeme, yenye mlango wa kufikia kila ghorofa. Mabomba mawili kutoka barabarani, yakiingia pande tofauti za jengo, ili faiba ikikatwa na mtu anayechimba upande mmoja, ya upande wa pili ibaki. Njia ya kufika paani. Na nafasi darini, zimewekwa alama kwenye mchoro uleule wa taa na vitambua moshi, za antena zenye kipenyo cha sentimita 20 hivi. Msizifunike kwa paneli za chuma. Nimewahi kuona antena nzuri kabisa juu ya dari la alumini, ikihudumia vumbi. Shimo la lifti liwekewe antena yake au kebo ile ya kuvuja, na jambo hilo muongee na mtu wa lifti kabla hajafunga reli zake. Yote haya wakati wa ujenzi ni kazi ya siku chache za fundi. Baada ya ujenzi ni kutoboa zege usiku, wapangaji wakiwa wamelala au wamekasirika.

Wapo watakaouliza kuhusu afya, na ni swali la haki. Wapangaji wanaliuliza kwa hofu na tusiwadharau. Antena ya ndani hutuma kwa sehemu ndogo ya wati, chini kabisa ya viwango vya kimataifa vya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi. Na simu, ikiisikia antena iko karibu, inapunguza nguvu yake yenyewe mara mia, wakati mwingine zaidi. Mtumaji wa mawimbi aliye karibu nawe kuliko wote ni simu iliyobanwa sikioni. Mtu anayeongea kwenye besimenti isiyo na mtandao, simu ikipiga kelele kwa nguvu zake zote, anapokea mawimbi mengi kichwani kuliko yule aliyesimama chini ya antena ya darini. Waelezeni wapangaji hivyo, na wekeni vipimo ukutani wavione.

La mwisho kabla sijawaachia nafasi ya maswali: pimeni kabla ya kukabidhi jengo. Kama mnavyopima shinikizo la maji na kujaribu jenereta, mtu atembee kila ghorofa, kila ngazi, kila kona ya maegesho, ndani ya lifti milango ikiwa imefungwa, akiwa na simu za mitandao yote, na matokeo yaingie kwenye nyaraka za makabidhiano. Mkandarasi asilipwe fungu la mwisho la kazi hiyo mpaka ramani ya vipimo iwe mezani. Na mpime samani zikiwa zimeingia, maana makabati ya chuma yaliyojaa mafaili yanabadilisha mambo, na watu nao hunyonya mawimbi. Ukumbi mtupu si ukumbi uliojaa.

Nimeambiwa baadhi yenu mmekuja na michoro ya miradi ambayo bado haijaanza kumwagwa zege. Hapa mbele pana meza mbili ndefu na projekta. Naomba tuitumie saa moja iliyobaki kuifungua, tukianza na ile yenye besimenti yenye kina kirefu kuliko zote, na tuitafutie chumba, njia ya wima na mabomba mawili kabla hatujaenda kula.